Ofa mbili, Dodoma na Mwanza, na mke ni mwalimu wa serikali hapa Morogoro: naombeni ushauri

Mluguru wa Mji Mpya

Habari za jioni wakuu. Mnivumilie nitaandika kirefu kidogo, maana majibu natakiwa kuyatoa wiki ijayo.

Mimi ni mhasibu, CPA ninayo. Naishi Morogoro na mke wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tisa na mwajiri anafunga ofisi ya hapa, kwa hiyo hakuna kuongezewa. Namshukuru Mungu nimepata sehemu mbili.

Dodoma ni kampuni ya ujenzi yenye kazi huko Mtumba, Mji wa Serikali. Mshahara 2,400,000 kabla ya makato, mkataba wa miaka miwili, nyumba najitafutia.

Mwanza ni kiwanda cha minofu ya samaki. 1,900,000 kabla ya makato, ajira ya kudumu, na wanatoa nyumba ya kampuni Nyegezi.

Mke wangu anafundisha shule ya msingi, Manispaa ya Morogoro. Mtoto wa kwanza yuko darasa la saba, wa pili la tatu, wa mwisho hajaanza shule. Mama ana sukari na presha, anahudhuria kliniki hospitali ya mkoa kwa bima ya mke wangu.

Mke ameniambia yuko tayari kuacha kazi twende wote, akafungue duka huko. Nimeguswa sana na hilo, lakini roho inasita. Upande wa ndugu wanasema Dodoma, pesa nyingi na ni karibu. Marafiki wanasema ajira ya kudumu haichezewi. Mimi ninachotaka ni tukae pamoja. Baba yangu alifanya kazi mbali, nilikuja kumjua ukubwani. Sitaki wanangu wapitie hayo.

Naombeni mawazo, hasa waliowahi kuhama na familia.

Kipanga wa Ilazo

Karibu Dodoma mkuu. Kazi zipo, na mkataba ukiisha ni rahisi kupata sehemu nyingine kuliko huko kwingine, maana wizara zote ziko hapa na kampuni zimezifuata.

Jiandae tu na kodi. Ilazo, Kisasa na Area D bei zimepanda kwa sababu ya watumishi, na wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo, juu yake ya dalali mwezi mmoja. Nzuguni na Nkuhungu kuna unafuu. Kabla hujatoa hela, usiulize kama nyumba ina maji, uliza maji yanatoka siku gani na simtanki ni la lita ngapi. Na umuulize jirani, si dalali.

Mzee wa Leja

Mkuu wewe ni mhasibu mwenzangu, hebu tuziweke sawa, maana ndugu zako wanaiona 500,000 ambayo haipo.

Kwa viwango vya PAYE (kodi ya mshahara) vilivyoanza Julai 2021 na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 upande wako: Dodoma unatoa 240,000 ya NSSF, inabaki 2,160,000 ya kutozwa kodi, kodi 476,000, mkononi 1,684,000. Mwanza unatoa 190,000, kodi 341,000, mkononi 1,369,000. Tofauti ni 315,000 kwa mwezi, na nyumba ya vyumba vitatu yenye fensi na maji Dodoma itaimeza karibu yote. Kama una deni la Bodi ya Mikopo, toa asilimia 15 nyingine pande zote mbili. Pia waulize Mwanza kama ile nyumba wanaiingiza kwenye hesabu ya kodi ya mshahara wako.

Kwa kifupi pesa zinalingana. Uamuzi wako hautatoka kwenye mshahara.

Msukuma wa Buhongwa

Mwanza ni mji wa kuishi na familia, nasema kutoka moyoni. Chakula kipo, samaki wapo, hali ya hewa nzuri, na kwa mama yako kuna hospitali ya Bugando.

Lakini siwezi kukuficha kuhusu kazi yenyewe. Sangara wamepungua ziwani. Kuna viwanda vya minofu vilivyofungwa na vingine vinafanya kazi chini ya uwezo wake. Nina ndugu wa viwandani, samaki wakiwa wachache zamu zinapunguzwa. Ofisini hamuanzi kuguswa ninyi, ila mwisho mnaguswa. Uliza kiwanda kinachakata siku ngapi kwa wiki kwa sasa, na walipunguza wafanyakazi mara ya mwisho lini. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Mwl. Mama Upendo

Kaka, mimi ni mwalimu wa msingi na nilihama kumfuata mume, kwa hiyo nitasema la upande wa mkeo. Tafadhali asiache kazi.

Anza na bima. Kadi ya NHIF ya mtumishi inambeba yeye, mwenza, na wategemezi wasiozidi wanne. Watoto wako watatu na mama, wanne hao. Siku mkeo akiacha kazi, mama anabaki bila kadi na sukari haisubiri. Kampuni binafsi nyingi zinakata bima ya mfanyakazi, mke na watoto tu. Waulize wote wawili kama wanapokea mzazi, na wakuandikie.

Pili ni pensheni. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inataka michango ya miezi 180 ndipo mtu apate pensheni ya kila mwezi. Mwambie mkeo ahesabu yuko wapi. Akiwa amekaribia, duka gani litamrudishia hiyo? Akiwa bado mbali, ajira ya serikali akishaitoa mkononi kuipata tena ni kazi kubwa, unaona mwenyewe vijana wanavyosubiri. Likizo bila malipo nayo, mshahara ukisimama na michango inasimama.

Sasa njia. Anaomba uhamisho kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, kwa sababu ya kumfuata mwenza, anaambatanisha cheti cha ndoa na barua yako ya ajira. Sababu hiyo inakubalika, ila lazima halmashauri anakokwenda iwe na nafasi, na mijini walimu tumejazana. Jiji la Dodoma atasota. Nyamagana na Ilemela za Mwanza vilevile. Aombe za pembeni. Tazama ramani kidogo kaka: Mtumba unakofanya kazi wewe iko barabara hiyohiyo ya kwenda Chamwino. Mkipanga Ihumwa au hukohuko Mtumba, yeye anaelekea Buigiri ya Chamwino asubuhi, wewe uko kazini, jioni mko nyumbani. Hata Mwanza inawezekana, Nyegezi na Usagara ya Misungwi si mbali.

Kuna njia ya haraka zaidi ambayo naona hamjaifikiria, kubadilishana. Morogoro Manispaa inatafutwa sana. Mwalimu aliye Dodoma mwenye familia Dar au Moro angefurahi kuipata. Walimu wana magrupu ya WhatsApp ya kutafutana. Akitokea mtu anadai hela ili "asukume" uhamisho, mkimbieni. Na mjue akihama kwa maombi yake mwenyewe hakuna pesa ya uhamisho, gharama za kubeba vyombo ni zenu.

Kipanga wa Ilazo

Mwalimu amemaliza. Ihumwa hata kodi ni nafuu kuliko huku kwetu.

Afisa Rasilimali

Niongeze la mikataba. Neno "kudumu" linatuliza moyo kuliko linavyolipa. Kiwanda kikipunguza watu kwa kufuata utaratibu, kiinua mgongo cha kisheria ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10. Zaidi ya hapo ni makubaliano yenu. Mkataba wa miaka miwili angalau unajua tarehe yake, lakini ukiisha umeisha, usitegemee ahadi ya mdomo ya kuongezewa. Omba kiwekwe kifungu kinachowalazimu kukutaarifu mapema kama hawataendelea, miezi mitatu si mingi.

Kokote utakakosaini, hakikisha mkataba unasema uliajiriwa ukiwa Morogoro. Ukikatishwa huko mbali, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akusafirishe wewe na vyombo vyako, au akulipe gharama hizo, hadi mahali ulipoajiriwa. Watu wengi wanaacha nafasi hiyo wazi.

Mluguru wa Mji Mpya

Nimesoma yote, na mke wangu amesoma. Hilo la bima hatukuwa tumelitazama hivyo kabisa. Mwl. Mama Upendo, Mungu akubariki.

Na huyu wa darasa la saba? Nilitaka nihame nao wote mara moja.

Mwl. Mama Upendo

Usimguse. Ameshasajiliwa kwa mtihani hapo alipo, na mtihani ni mwezi huo huo wa tisa. Amalize. Akifaulu atapangiwa shule huko huko Morogoro, ndipo mtaomba uhamisho wa kidato cha kwanza. Wa darasa la tatu ahame Januari mwaka wa masomo unapoanza. Wewe tangulia.

Msukuma wa Buhongwa

Kama lazima atangulie peke yake, basi naona Mwanza imejiondoa yenyewe, na inaniuma kusema hivyo. Kutoka Moro ni kilomita zaidi ya 900, huwezi kuja kila wikiendi. Dodoma kuna treni ya umeme tangu 2024, Ijumaa jioni unapanda na usiku huo unalala kwako.

Mzee wa Leja

Mimi bado moyo unanituma nyumba ya bure na ajira isiyo na tarehe. Mwenye watoto watatu akikosa kazi baada ya miaka miwili si jambo dogo. Ukienda Dodoma, ile ya ziada yoyote iwekwe akiba kuanzia mshahara wa kwanza, kodi ya miezi sita isiwahi kukukuta mikono mitupu.

Mluguru wa Mji Mpya

Wakuu, jana usiku tumekaa mimi, mke wangu na mama. Tunakwenda Dodoma. Mimi natangulia mwezi wa kumi, narudi kila Ijumaa, wao wanabaki Moro mpaka Januari. Mke wangu haachi kazi. Mama ndiye aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko sisi wote.

Nimewaandikia kampuni kuomba kifungu cha taarifa ya miezi mitatu na Morogoro iandikwe kama mahali pa kuajiriwa. La taarifa wamesema watalijadili, la pili wamekubali. Mwanza nimewapigia simu mwenyewe na kuwashukuru.

Sasa naomba hili moja. Kama kuna mwalimu wa msingi, Chamwino au Jiji la Dodoma, anayetaka kuja Morogoro Manispaa, shule iko karibu na barabara kuu na nyumba za kupanga zipo jirani, aje inbox. Mke wangu yuko tayari kuanza taratibu wiki hii.