Kadi ya RTL8168: Windows XP na FreeBSD safi, Debian siku inataka siku haitaki

waya_wa_shaba

Wakuu, habari za kazi. Nina wiki tatu nahangaika na kadi moja ya mtandao, nimeona niwaletee kabla sijaing'oa.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya zamani, na siwezi kuiacha. Ndani kuna kadi ya PCI inayosoma kifaa cha kupimia joto na unyevu, na moduli yake (draiva) ilijengwa kwa kerneli, yaani kiini cha Linux, toleo la 2.6.26 tu, ile iliyokuja na Debian 5 mwaka 2009. Aliyeiandika hayupo tena kazini na msimbo wake sina. Kwa hiyo Debian 5 itabaki hapo. Kwenye diski hiyo hiyo ipo Windows XP kwa ajili ya programu ya kurekebisha vipimo vya kifaa, na diski ya pili ina FreeBSD 8 ninayotumia kutunza nakala za data. Naomba nisishauriwe kuhamia mfumo mpya. Mashine hii haigusi intaneti kabisa, imeunganishwa na swichi moja ndogo na mashine ya kuhifadhia, basi.

Kadi ya mtandao ni ya PCI Express, chipu ni RTL8168, na lspci -nn, amri ya kuorodhesha kadi, inaitaja kama 10ec:8168. Windows haijawahi kunisumbua. FreeBSD nayo, re0 (ndilo jina la kadi huko) inapanda papo hapo. Shida ni Debian. Kuna siku eth0, jina la kadi hiyo hiyo kwenye Debian, inapata anwani na data zinakwenda. Kuna siku taa ya kadi haiwaki kabisa, na kwenye swichi taa ya mlango ule nayo imezima, kama vile waya haujachomekwa. Draiva ya r8169 inapakiwa bila kulalamika. Anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi, ni ile ile iliyo kwenye stika ya kadi. Lakini dmesg (kumbukumbu za kerneli) inaandika link down, na ethtool (amri ya kukagua na kupanga kadi) inamalizia na Link detected: no. Nikiwasha upya, vile vile. Nikibonyeza kitufe cha riseti, vile vile. Halafu kesho yake asubuhi naikuta nzima kana kwamba haikuwahi kuugua.

Nimebadilisha waya mara tatu, nimehamisha mlango wa swichi, nimehamisha sloti, nimesugua meno ya kadi kwa kifutio cha penseli. Wiki iliyopita nililazimisha kasi iwe 100 kwa ethtool nikidhani makubaliano ya kasi ndiyo yanayoshindikana. Taa ikizima, imezima tu.

Nimeanza kuandika kwenye daftari ili nisijidanganye. Naweka wiki hii kama ilivyo:

Jumatatu asubuhi Debian, nzima. Mchana Windows kurekebisha vipimo, nzima. Jioni Debian, imekufa.
Jumanne asubuhi Debian, imekufa. Nikajaribu FreeBSD, nzima. Nikarudi Debian, nzima!
Jumatano Debian kutwa, nzima.
Alhamisi asubuhi Windows, nzima. Mchana Debian, imekufa. Nimewasha upya mara nne, imekufa.
Ijumaa asubuhi Debian, nzima.

Sijagusa kitu chochote kati ya Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi. Nani amewahi kukutana na hili?

kerneli_safi

Mkuu, r8169 ya kerneli za zamani haielewani vizuri na 8168. Pakua draiva ya mtengenezaji wa chipu inayoitwa r8168, ijenge, kisha izuie r8169 isipakiwe. Weka mstari wa blacklist r8169 kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, tengeneza initramfs (faili linalopakiwa mwanzoni mwa kuwasha) upya, washa. Wengi wamepona kwa njia hiyo.

waya_wa_shaba

Ahsante mkuu. Njia hiyo nimeisoma, na naiogopa. Zana za kujengea moduli kwenye Debian ile sina, na kila ninapogusa kitu karibu na kerneli nawaza moduli ya kifaa. Ikivunjika hiyo, sina pa kuipata tena. Kama kuna njia isiyogusa Debian, ningeanza na hiyo.

fundi_mtaratibu

Ndugu yangu waya_wa_shaba, usiing'oe kadi, ni nzima. Nami niliwahi kutupa kadi mbili za aina hii kabla sijaelewa, na hadi leo nazisikitikia.

Soma daftari lako tena, ila safari hii usitazame mfumo uliomo. Tazama mfumo uliotoka. Jumatatu jioni umetoka Windows, imekufa. Alhamisi mchana umetoka Windows, imekufa. Jumanne umepita FreeBSD kwanza, ukaingia Debian, nzima. Debian baada ya Debian siku ya Jumatano, nzima. Imebaki Ijumaa tu, na hiyo nitaifikia.

Kinachotokea ni hiki. Kadi ya mtandao ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza inazungumza na kompyuta kupitia sloti: ndiyo inayojitambulisha kwa lspci na kutoa anwani ya MAC. Ya pili inaitwa PHY, ndiyo inayosukuma mawimbi kwenye waya na kuwasha taa. Draiva ya Windows ya chipu hii, unapozima au kuwasha upya, huilaza PHY ikiwa hujaruhusu kompyuta kuamshwa kupitia mtandao. Nia yake ni kuokoa umeme. Windows ikirudi, draiva ile ile inaiamsha, ndiyo maana kwako Windows haina lawama hata siku moja. Lakini r8169 ya 2.6.26 haijui kwamba PHY imelazwa. Inazungumza na sehemu ya kwanza, inajibiwa vizuri, inasoma MAC, kisha inasubiri waya usioamka. Kerneli za baadaye ziliongezewa mistari michache ya kuiamsha. Draiva ya re ya FreeBSD yako inayo mistari hiyo, na ndiyo iliyokuamshia kadi Jumanne bila wewe kujua.

MAC uliyoiandika ndiyo iliyonifanya nisiwaze meno ya kadi wala sloti. Mguso ukiwa mbovu, mara nyingi anwani inasomeka FF tupu, au lspci inaandika rev ff mwishoni mwa mstari, maana kila kinachosomwa kutoka kwenye kadi isiyojibu ni moja tupu. Yako inajibu.

Swali lako la kwa nini riseti haisaidii: PHY haikatiwi umeme. Ukizima kompyuta kwa kawaida, pawa saplai ya ATX bado inatoa volti 5 za akiba, na mazabodi inazifikisha kwenye sloti kama volti 3.3 za pembeni. Kadi inakaa na kumbukumbu ya kulazwa kwake usiku kucha. Ndiyo maana nina swali moja kwako: Alhamisi jioni ulizima swichi ya ukutani? Na Jumatatu jioni?

Kwa jaribio, ingia Windows, zima, ingia Debian, hakikisha imekufa. Zima tena, kisha chomoa waya wa umeme nyuma ya kompyuta. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano ukiwa umechomoa, ili umeme uliobaki ndani uishe. Subiri nusu dakika, rudisha waya, ingia Debian moja kwa moja. Taa ikiwaka, tumemaliza kubishana.

Tiba iko Windows, Debian huigusi. Fungua Device Manager, sifa za kadi, kichupo cha Advanced. Tafuta kipengele kinachoitwa Shutdown Wake-On-Lan, au kwenye draiva nyingine Wake-On-Lan After Shutdown. Kiweke Enable. Baada ya hapo, ukizima Windows, taa ya kadi itabaki inawaka ingawa kompyuta imezima. Hiyo ndiyo alama kwamba PHY haikulazwa. Gharama yake ni kwamba mtu aliye kwenye swichi hiyo anaweza kuiwasha mashine yako kwa pakiti maalumu: baiti sita za FF, kisha MAC yako imerudiwa mara 16. Kwenye mtandao wa mashine mbili sioni tatizo.

Anayesoma hili na kadi yake imo ndani ya mazabodi, kuna njia nyingine: washa boot ROM ya LAN kwenye BIOS. Ile programu ndogo ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao inaiamsha PHY kabla mfumo wowote haujaanza. Kwa kadi ya kuchomeka kama ya ndugu yetu, kipengele hicho cha BIOS hakiigusi.

waya_wa_shaba

Fundi, nimetoka sasa hivi kwenye mashine.

Kwanza jibu la swali lako. Kila jioni huwa nazima swichi ya ukutani, ni mazoea tu, wala sikuona haja ya kuyaandika. Jumatatu niliondoka mbio, nikaiacha inawaka. Alhamisi niliizima. Nilipolisoma swali lako nilikaa kimya kidogo.

Jaribio limekwenda kama ulivyosema, hatua kwa hatua. Nilipochomoa waya na kubonyeza kitufe, feni ya prosesa iligusa kuzunguka kama robo mzunguko ikasimama, nikajua kweli umeme ulikuwa umebaki humo. Debian ikapanda, taa ya kijani ikawaka kabla hata sijafika kwenye kuingia. Kisha nikabadilisha kipengele kwenye XP, kwangu kimeandikwa Shutdown Wake-On-Lan. Nimeingia Windows na kurudi Debian mara kumi mfululizo, mara tano kwa kuzima na mara tano kwa kuwasha upya. Kumi zote taa imewaka. Mungu akubariki sana.

Lakini limebaki jambo. Kwenye Debian kasi ni ya kinyonga. Faili la MB 700 linakwenda kwa kama KB 300 kwa sekunde. Ping haipotezi hata moja. Faili hilo hilo kutoka FreeBSD linakwenda vizuri. Nilikuwa nadhani ni sehemu ya ugonjwa ule ule, sasa ugonjwa umepona na hili limebaki.

biti_nane

Kaka, ulisema ulilazimisha kasi wiki iliyopita kwa ethtool. Ile amri uliiondoa, au uliiweka mahali pa kudumu? Tazama /etc/network/interfaces. Kisha toa hapa matokeo ya ethtool -S eth0 kabla na baada ya kutuma faili.

waya_wa_shaba

Loo. Ipo. Mstari wenyewe ni huu:

post-up ethtool -s eth0 speed 100 duplex full autoneg off

Na kwenye ethtool -S, rx_errors na align_errors zinapanda kila ninapohamisha faili. Nikiacha kuhamisha, zinatulia.

biti_nane

Basi ndiyo hiyo. Umezima makubaliano upande wako, lakini swichi ndogo isiyo na mipangilio bado inataka kukubaliana. Ikikosa wa kukubaliana naye, inaweza kutambua kasi kwa kusikiliza aina ya mawimbi, kwa hiyo inajua ni 100. Ila mawimbi hayasemi kama unatuma na kupokea kwa wakati mmoja au kwa zamu, na kanuni ya Ethaneti inaiagiza katika hali hiyo ichukue zamu, yaani half duplex. Wewe uko full. Wewe unatuma wakati wowote, swichi nayo ikikusikia katikati ya kutuma kwake inahesabu ni mgongano, inakata pakiti na kuanza upya. Vile vipande vilivyokatwa ndivyo unavyoviona kwako kama makosa ya kupokea. Ping ni pakiti ndogo, moja moja, haikutani na mwenzake njiani. Faili kubwa linakutana kila wakati.

Futa mstari ule wote. Usiubadilishe kuwa 1000, ufute. Gigabiti ya waya wa shaba inahitaji makubaliano ili ifanye kazi inavyotakiwa, na ukiyarudisha, pande zote mbili zitajua zenyewe. Halafu ethtool -s eth0 autoneg on, au washa upya kompyuta.

waya_wa_shaba

Nimefuta. Sasa ethtool inasema 1000Mb/s, Full, Auto-negotiation: on. Faili lile lile la MB 700 limepita kwa MB 38 kwa sekunde, na nadhani hapo ni diski yangu iliyofika mwisho wake. align_errors imesimama pale pale ilipokuwa tangu nilipofuta mstari.

fundi_mtaratibu, biti_nane, na wewe kerneli_safi uliyejibu wa kwanza, ahsanteni sana. Kwenye daftari nimechora safu mbili mpya kabla ya ile ya hali: umetoka mfumo gani, na swichi ya ukutani ilizimwa au la.