Naomba ushauri: wastani wa kwanta na mwendo wa Newton

Wakuu, salaam. Najisomea fizikia ya kwanta (ya vitu vidogo mno, kama elektroni) usiku baada ya kazi, na nimekwama.

Mwaka 1926 Max Born alisema wimbi la Schrödinger (fomula inayoeleza hali ya chembe ya kwanta) linatupa uwezekano wa kuikuta chembe mahali fulani. Hapo sina neno. Mwaka uliofuata Paul Ehrenfest akaonyesha kuwa wastani wa mahali na wa momenta (masi mara kasi) hubadilika kwa milinganyo inayofanana na ya Newton. Nikafurahi, nikadhani daraja kati ya kwanta na Newton limepatikana. Kumbe kuna mtego: kinachoingia kwenye mlinganyo ni wastani wa kani, si kani ya pale wastani ulipo.

Nilijaribu kwa namba. Chembe ina nusu kwa nusu ya kuwa kwenye 0 au 2, wastani ni 1. Kwa springi, kani hufuata umbali, kwa hiyo njia zote mbili zinatoa 1. Lakini kani ikifuata mchemraba wa umbali, wastani wa kani ni 4, wakati kani ya pale kwenye 1 ni 1 tu. Newton ameshatuacha! (Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea hesabu.)

Sasa, je, kueleza kwa nini jiwe humfuata Newton, inatosha kusema wimbi lake ni jembamba mno? Au nianze na Wigner na mtawanyiko wake wa 1932 (unaoeleza mahali na momenta kwa pamoja), nilinganishe na mlinganyo wa Liouville (unaoeleza jinsi mtawanyiko wa chembe za Newton unavyobadilika)? Hesabu zangu zinaishia kalkulasi ya mwaka wa kwanza chuoni. Nipite njia gani?