Mrejesho: Sphinx sasa inakimbia

Wakuu, niliuliza kwa nini Sphinx (programu ya kutengeneza nyaraka za maelezo ya kodi) inakula zaidi ya dakika 10 kutengeneza nyaraka za kifurushi chetu cha Python, hata nikigusa mstari mmoja tu. Mchawi kapatikana. Skripti yetu ya kuiendesha ilikuwa na chaguo la `-E`, linaloiamuru Sphinx ipuuze kumbukumbu iliyohifadhiwa na kusoma mafaili yote upya. Nimelitoa.

Nikaongeza `-j auto` ili kazi igawanywe kwenye kori zote za prosesa, lakini haikusaidia kitu: kiendelezi cha Sphinx tulichoandika wenyewe hakikutangaza `parallel_read_safe` (yaani kwamba ni salama kusoma mafaili mengi kwa pamoja), kwa hiyo mafaili yakaendelea kusomwa moja moja. Na onyo lilikuwepo kwenye logi muda wote! Baada ya kurekebisha hayo, sasa kutengeneza nyaraka hakufiki dakika 3. Mkuu uliyeniambia nisome maonyo kwanza, asante sana.