Mapeasi ya chini ya nailoni: yanang'aa, lakini utamu umeenda wapi?

Mgosi wa Magamba:
Wakuu, habari za humu. Nina mipeasi 40 huku juu Lushoto, upande wa Magamba. Vuli ya mwaka juzi ilinimaliza. Tunda likiwa dogo kama gololi tayari lina madoa meusi, likikua linapasuka palepale penye doa. Dalali alikuja, akalitazama tenga, akataja bei ambayo sitaiandika hapa.

Shemeji akanionesha video za China, wanaezeka nailoni juu ya miti, pembeni wazi. Vuli iliyofuata nikajaribu miti sita: nguzo za mkaratusi na nailoni ile ya grinhausi. Ngozi ikatoka laini, doa hata la dawa hupati. Ila ukiuma, maji matupu! Mteja wangu wa Tanga mjini akapiga simu: "Mgosi, safari hii umeniletea matango?"

Niezeke yote 40 au niache? Nataka kukopa, naomba ushauri mapema.

Fundi Matone:
Usikope kwanza. Ukungu wa madoa hauingii mpaka jani au tunda likae na unyevu saa kadhaa, kwa hiyo nailoni imefanya kazi yake. Lakini sukari ya tunda inatengenezwa na jani, na jani linataka jua. Huko kwenu umande na mawingu ya asubuhi peke yake yanakula mwanga, halafu na wewe unaongeza paa. Hiyo nailoni uliiosha lini mara ya mwisho?

Mgosi wa Magamba:
Kuosha tena? Sijawahi. Ina vumbi na majani ya mkaratusi juu.

Fundi Matone:
Basi umeijengea miti kivuli, mkuu. Kaangalie majani ya ile miti sita. Nahisi ni mapana, hayana unene, na matawi yamerefuka kuliko ya miti ya nje.

Mgosi wa Magamba:
Umeniona? Ndivyo yalivyo kabisa.

Mama Soni:
Mwanangu, mimi naanza na swali jingine. Uliyachuma siku moja na yale ya nje?

Mgosi wa Magamba:
Ndiyo mama, fuso lilikuwa linasubiri.

Mama Soni:
Hapo sasa. Tunda la kivulini linaweza kuchelewa kukomaa, wewe umedanganywa na ngozi. Na haya yetu yenye shingo hayaivii mtini. Unachuma yakiwa yamekomaa lakini magumu, unayalaza ndani siku kadhaa mpaka shingo ibonyee kidogo kwa kidole gumba. Ukichuma machanga, hata uyalaze mwezi, utamu hauji, yatanywea tu. Wachina wa kwenye video wengi wana yale ya mviringo, yanaliwa yakiwa bado yanakatika kama tufaha. Usimfuate shemeji kila kitu.

Kijana wa Mombo:
Sisi wa huku chini tunalia mvua haiji, nyie mnaizibia na nailoni 😂

Fundi Matone:
Mama kamaliza. Naongeza tu kwamba paa si lazima likae mwaka mzima. Funika kuanzia maua mpaka vuli ikatike, kisha kunja nailoni, miti ipate jua wakati tunda linajaa. Masika yakiwahi kabla hujachuma, rudisha, maana mvua nyingi mwishoni nayo inazimua utamu. Pembeni acha wazi na kileleni mwa paa acha upenyo, joto litoke na nyuki wapite. Maji pia: chini ya paa udongo unakauka huku nje kunanyesha. Weka mirija ya matone, ila punguza tunda likikaribia kukomaa.

Mama Soni:
Na majani yaliyodondoka yafagie uyachome au uyafukie. Ule ukungu wa madoa unalala humo kusubiri mvua nyingine. Pogoa katikati ya mti upitishe hewa, kazi hiyo haina mkopo. Miti mingine ivalishe mifuko ya karatasi, tunda moja moja. Inachosha, lakini upepo wa Magamba hauwezi kukung'olea mfuko wa karatasi ukatua kwa jirani kama paa la nailoni.

Mgosi wa Magamba:
Mama, hilo la kutua kwa jirani limeshatokea, nilikuwa naona aibu kusema.
Mkopo nimeuweka kando. Msimu huu miti sita ileile, nailoni ya kukunja, na mipeasi mitano nje nitaivalisha mifuko. Nitachuma kila kundi kwa siku yake, hata fuso liondoke. Nikivuna nitaleta majibu humu.

Kijana wa Mombo:
Leta na mapeasi, mgosi. Majibu hayaliwi.