Fulana ya PRESS: kinga au shabaha?

Mleta mada: Tuache kupeleka waandishi vitani na fulana ya PRESS, ile ya kuzuia risasi yenye neno hilo kifuani. Shireen Abu Akleh, mwandishi wa Al Jazeera, aliivaa Jenin, Palestina, Mei 2022, na helmeti juu. Akauawa. Na wa kwetu ndio kabisa, wanaingia Kivu na vizibao kama vya bodaboda.

Kamera Begani: Hilo la bodaboda limeniuma. Fulana laini kazi yake ni vipande vya bomu na risasi za bastola. Risasi ya bunduki kama AK inataka vibao vigumu, kifuani na mgongoni, kila kimoja karibu kilo 3. Cha kauri kikidondoka sakafuni kinaweza kupata ufa usiouona kwa macho. Ndiyo maana vya mitumba ni hatari.

Mleta mada: Sijamdharau mtu! Nauliza, ilimsaidia nini?

Dawati la Picha: Risasi ilimpata kichwani, chini ya ukingo wa helmeti. Mlaumu aliyefyatua.

Mzee wa Bomani: Inategemea uko mbele ya nani. Mogadishu, Julai 1993, helikopta za Marekani zilipiga nyumba, umati ukawageukia wanahabari. Wakafa wanne, wakiwemo Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia. Mbele ya umati unahitaji miguu na gari lililogeuzwa tayari, dereva ndani. Kilo 10 mwilini zinakuchelewesha.

Kamera Begani: Kwa hiyo mwandishi wa Goma avue?

Mkoba Mwekundu: Mmeng'ang'ania kifua, na paja je? Mpigapicha Tim Hetherington, Misrata, Libya, 2011, kipande cha bomu, akaisha damu. Mkanda wa kukaza (tourniquet), wa kuzuia damu, ufungwe sentimita 5 hadi 8 juu ya jeraha, ila si kwenye goti lenyewe. Zungusha kijiti chake mpaka damu ikome. Majeruhi atapiga kelele, usilegeze. Andika saa uliyofunga. Jeraha likiwa kwenye kinena mkanda haushiki: shindilia shashi ya kugandisha damu ndani kabisa, gandamiza angalau dakika 3 bila kuchungulia. Wengi wanauacha mkanda chini ya begi, ndani ya nailoni yake. Uwe nje, mkono wowote uufikie.

Dawati la Picha: Na usiwe wa bei chee, kijiti kinakatika ukikaza.

Mleta mada: Sawa, lakini mkanda halisi ni ghali. Wa kujitegemea analipwa kwa picha, nani amnunulie?

Mkoba Mwekundu: Anayechapisha hiyo picha. Na inunuliwe miwili, miguu ni miwili.