Jua na upepo vinaweza kubeba gridi ya umeme peke yao?

Mwanzamada: Wakuu, nauliza kwa nia njema. Sola imeshuka bei sana, hilo halina ubishi. Lakini jua likizama ndipo watu wanarudi majumbani na kuwasha kila kitu. Tukifunga makaa ya mawe na gesi, saa mbili usiku nani anabeba mzigo?

FundiWaya: Betri. Australia Kusini waliweka ile ya Hornsdale mwaka 2017, megawati 100. Mawakala wa makampuni ya mafuta ndio wanaouliza swali hili kila wiki.

Mwanzamada: Wakala mimi? Futa hilo neno. Na hiyo Hornsdale ilianza na akiba ya umeme ya megawati-saa 129. Ukiitumia kwa nguvu zote haifiki saa moja na nusu. Usiku una saa ngapi?

MzeeTurbini: Hispania na Ureno si waliingia gizani Aprili 2025? Sola ilikuwa tele siku ile.

FundiWaya: Ilikuwa mchana, mzee, jua linawaka! Volteji ilipanda ikakosa wa kuidhibiti. Ripoti ya serikali ya Hispania ililaumu hata mitambo ya kawaida, isiyo ya jua wala upepo, iliyopaswa kufanya kazi hiyo. Mbona Texas Februari 2021, visima na mabomba ya gesi yalipoganda kwa baridi, huitaji?

MzeeTurbini: Mitambo ya upepo nayo iliganda. Sema yote.

FundiWaya: Iliganda, ndiyo. Ila upungufu mkubwa ulitoka kwenye gesi.

Mchimbuzi: Mnazitaja betri kana kwamba zinaota mtini. Kobalti ya dunia, zaidi ya nusu inatoka Kongo, na watoto wamo mashimoni. Hao mmewaweka wapi kwenye hesabu zenu?

FundiWaya: Betri za litiamu na fosfati ya chuma hazina kobalti kabisa, na ndizo zinazofungwa zaidi kwenye gridi siku hizi.

Mchimbuzi: Nimesema watoto, unanijibu kemia.

FundiWaya: Nimekujibu ulichouliza! Na simu unayoandikia hapa ina betri gani?

Mchimbuzi: Ndiyo maana inaniuma. Ninayo mkononi.

Mwanzamada: Jamani, saa mbili usiku?

MzeeTurbini: Maji. Unayapandisha bwawa la juu umeme ukizidi, usiku unayashusha yazungushe turbini. Bath County kule Marekani wanafanya hivyo tangu 1985, megawati 3,000 hivi.

Mchimbuzi: Na wanaoishi bonde litakalofurika, wao wanahamia wapi?

MzeeTurbini: Wewe kila kitu unapinga.

Mchimbuzi: Sijapinga. Nimeuliza wanahamia wapi.