Mfupa wa kuprinti, kwa nini hawamuwekei tu mgonjwa?

chikongola_boy: Wakuu habari za usiku. Bro alipata ajali ya boda njia ya Masasi, mfupa wa muundi ukasagika, limebaki pengo kama sentimita 6. Juzi nimeona video Wazungu wanaprinti mfupa kwa mashine, si wachomeke tu hapo yaishe? Daktari eti anamuwekea simenti kwanza afu baadae ndo wachukue mfupa wa nyonga. Simenti mguuni kweli jamani??

BintiNewala: Pole sana kaka, Mungu amponye. Nafatilia.

mtu_wa_maabara: Pole mkuu. Kuprinti umbo la mfupa siku hizi sio ishu, ishu ni damu. Seli ikikaa mbali na mshipa zaidi ya milimita 0.2 hivi oksijeni haiifikii inakufa, na mishipa ya mgonjwa ikianza kuota kuingia ndani haifikishi hata milimita moja kwa siku, sasa piga hesabu sentimita 6. Mnakumbuka Mei 2024 barabara ilivyokatika Somanga, mizigo ya Dar ikawa haifiki? Ndo hali ya seli za katikati. Kwa hiyo watafiti wanachanganya seli za mfupa na zile seli zinazotengeneza ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, zinajipanga vimirija hukohuko maabara, wakipandikiza vinaungana na mishipa ya mwili. Wengine wanaweka protini ya VEGF inayoita mishipa, ila ukizidisha inaota ovyo na kuvuja.

chikongola_boy: Duh. So hakuna aliyewahi kufanyiwa?

mtu_wa_maabara: Yupo, ila wake uliotesha mwilini mwake, sio wa kuprinti. Ujerumani, madaktari wa mji wa Kiel, 2004. Jamaa alikatwa taya sababu ya kansa, wakasuka wavu wa titani wenye umbo la taya, wakajaza madini ya mfupa na uboho wake na protini ya kuotesha mfupa, wakauzika kwenye msuli wa mgongoni wiki 7 ili mishipa iingie, ndo wakauhamishia mdomoni na mishipa yake. Akala mkate na soseji.

Na hiyo simenti sio ya Dangote 😂 ni ya mifupa. Mwili unaizungushia utando wenye mishipa kibao, baada ya wiki 6 mpaka 8 wanaitoa, wanajaza mfupa mulemule kwenye utando. Daktari wako yuko sahihi kabisa. Bro anavuta sigara? Nikotini inabana mishipa, aache.

chikongola_boy: Anavuta, tena sana. Ntamsemea kwa mama.